Kilomita, AU, mwakanuru, parseki: Sirius iko umbali gani hasa?

SWALI

"Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha tuisheni ya fizikia hapa Tabata, kidato cha tatu na cha nne. Wanafunzi wameniuliza umbali wa nyota Sirius, na kila nilipotafuta nimekuta jibu tofauti: pengine miakanuru 8.6, pengine parseki 2.64, pengine AU 544,000, na kitabu kimoja kinasema kilomita trilioni 81. Nikaamua kuhakiki mwenyewe. Nimezidisha kasi ya mwanga kwa sekunde za siku 365, nikapata mwakanuru mmoja ni kilomita 9,454,254,955,488. Kitabu kina 9,460,730,472,581. Tumepishana kilomita bilioni sita na nusu! Nani kakosea? Halafu, kuna namna ya kubadilisha vizio hivi bila kukariri tarakimu ndefu hivi? Na kwa nini wataalamu wasichague kimoja tu tukapumzika?"

JIBU

Marahaba, dada yangu. Hujakosea hesabu, na kitabu nacho hakijakosea. Mmetumia miaka miwili tofauti.

Mwaka wako una siku 365. Mwaka unaotumika kwenye mwakanuru una siku 365 na robo, kila siku ikiwa na sekunde 86,400. Robo ya siku ni saa sita, na saa sita ni sekunde 21,600. Zidisha sekunde hizo kwa kasi ya mwanga, kilomita 299,792.458 kwa sekunde, utapata kilomita 6,475,517,093. Sasa toa jibu lako kwenye la kitabu. Ni namba ile ile, hadi tarakimu ya mwisho.

Robo hiyo inahitaji maelezo kidogo, maana wanafunzi watauliza. Kalenda ya ukutani haifai kwa kazi hii kwa sababu miaka yake hailingani: 2023 ulikuwa na siku 365, 2024 ukawa na 366. Mzunguko wenyewe wa Dunia kulizunguka Jua nao unatoa jibu moja ukiupima kwa nyota (siku 365.2564) na jibu jingine ukiupima kwa majira (siku 365.2422). Ili kusiwe na ubishi, wanaastronomia hutumia mwaka wa Julius, wenye siku 365.25 kamili, uliopewa jina la Julius Caesar kwa kuwa kalenda yake ilikuwa na wastani huo. Kasi ya mwanga nayo haipimwi tena tangu 1983. Siku hizi mita ndiyo inayotokana na kasi hiyo, kwa hiyo 299,792,458 ni namba ya makubaliano. Ukizidisha namba mbili za makubaliano, unapata namba ya makubaliano. Ndiyo maana mwakanuru unaweza kuandikwa kilomita 9,460,730,472,580.8 bila kuweka neno "takriban" mbele yake. Kitabu chako kimekadiria ile 0.8 tu.

Sasa tuitazame hiyo tofauti iliyokushtua. Kilomita bilioni sita na nusu ni sawa na AU 43 (AU moja ni umbali wa kutoka Dunia hadi Jua), na sayari ya Neptuni iko AU 30 kutoka kwenye Jua. Kwa hiyo kila mwakanuru uliokokotoa umepungua kwa umbali unaotoka kwenye Jua ukaipita Neptuni. Ukiisema hivyo darasani watashika vichwa. Lakini igawanye kwa mwakanuru mzima uone: ni sehemu 7 katika 10,000. Kwa Sirius upungufu wote unafika kilomita bilioni 56 hivi. Halafu iangalie ile "parseki 2.64" uliyoikuta (parseki ni kizio kirefu kuliko mwakanuru, nitakieleza hapo chini). Namba iliyoandikwa kwa desimali mbili ina maana kwamba thamani iko popote kati ya 2.635 na 2.645. Nusu ya nafasi hiyo, ile 0.005, ni kilomita bilioni 154. Yaani kukadiria kwenyewe kumeficha karibu mara tatu ya kile kilichokukosesha raha.

Hili ndilo ningependa ulifundishe kabla ya fomula yoyote. Kwenye hesabu hizi kuna namba zilizoamuliwa mezani na kuna namba zilizopimwa angani. Kilomita ngapi ziko katika mwakanuru, AU ngapi ziko katika parseki: hizo zimeamuliwa, hazina shaka. Sirius iko parseki ngapi: hiyo imepimwa, na kila kipimo kina mipaka yake. Mwanafunzi anayezidisha 8.6 kwa 9,460,730,472,580.8 na kuandika jibu lenye tarakimu kumi na nne amezipata nyingi kati ya hizo bure, na mimi ningemkata maksi. Jibu la haki ni kilomita trilioni 81. Namba zako nne zinakubaliana vizuri kabisa ukizisoma kwa jicho hilo.

Tuje kwenye vizio vyenyewe, nikianza na AU, kwa sababu vingine viwili vinaweza kujengwa juu yake.

AU moja ni, kwa lugha ya kawaida, umbali wa kutoka Dunia hadi Jua. Kwa mamia ya miaka namba hii ilikuwa ndiyo mzigo mkubwa wa astronomia. Watu walijua uwiano wa mizunguko ya sayari (Zuhura iko 0.72 ya umbali wetu, Mshtarii iko mara 5.2), lakini hawakujua kilomita hata moja kwa uhakika, sawa na kuwa na ramani nzuri isiyo na skeli. Mwaka 1761 na 1769 wapimaji walitawanyika duniani kuiangalia Zuhura ikipita mbele ya Jua, maana ukiitazama kutoka sehemu mbili zilizo mbali unaweza kukokotoa umbali. James Cook alipelekwa Tahiti kwa kazi hiyo. Hapa Dar es Salaam tuliliona tukio kama hilo tarehe 8 Juni 2004, kuanzia saa mbili na dakika kadhaa asubuhi hadi saa nane mchana imepita. Likajirudia 2012, na sasa litasubiriwa hadi Desemba 2117, kwa hiyo usiwaahidi wanafunzi wako.

Mwaka 1961 wapimaji waliachana na kulisubiri tukio hilo: walirusha mawimbi ya rada hadi Zuhura, wakasikiliza yakirudi, wakapima muda. Usahihi ukapanda ghafla. Na mwaka 2012, kwenye mkutano wao mkuu uliofanyika Beijing, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukaamua kwamba AU iwe mita 149,597,870,700 kamili. Tangu hapo nayo imehamia upande wa namba za makubaliano.

Kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kwamba leo Jua liko AU 1. Mwanzoni mwa Januari huwa tuko karibu zaidi, kilomita milioni 147.1, na mwanzoni mwa Julai tuko mbali zaidi, kilomita milioni 152.1. Wengi hushangaa kusikia hivyo wakikumbuka kwamba Januari ndiyo wakati wa joto hapa Dar, wakadhani ndiyo sababu. Siyo. Ulaya Januari hiyo hiyo wanatetemeka. Kinachosababisha majira ni kuinama kwa mhimili wa Dunia, lakini hilo ni swali la siku nyingine.

Sasa ile njia uliyoiomba. Usipitie kwenye kilomita kabisa. Mwanga hutumia sekunde 499 kukata AU moja, yaani dakika 8 na sekunde 19 (ukitaka kwa undani zaidi, sekunde 499.005). Mwaka wa Julius una sekunde 31,557,600. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 31,557,600 ÷ 499.005 = 63,241. Hizo ndizo AU zilizomo katika mwakanuru mmoja. Umebadilisha umbali kwa kutumia saa tu, na namba kubwa kuliko zote uliyoandika ilikuwa ya milioni 31. Mwanafunzi akisahau 63,241 mtihanini anaweza kuitengeneza upya kwa nusu dakika, mradi anakumbuka kwamba mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 19.

Parseki inatoka kwenye pembe. Dunia ya Januari na Dunia ya Julai ziko pande mbili za Jua, kwa hiyo nyota iliyo karibu huonekana kusogea kidogo mbele ya nyota zilizo mbali sana. Nusu ya msogeo huo, ile inayolingana na AU moja, ndiyo paralaksi. Nyota ambayo paralaksi yake ni sekunde 1 ya pembe iko umbali wa parseki 1. Sekunde ya pembe ni ndogo mno: nyuzi moja ina dakika 60, na dakika ina sekunde 60, kwa hiyo duara zima lina sekunde 360 × 60 × 60 = 1,296,000. Gawanya kwa 2π, unapata 206,265. Pembe ikiwa ndogo kiasi hicho, umbali ni AU moja mara 206,265. Basi parseki 1 ni AU 206,265. Mwaka 2015 Umoja ule ule ulilipitisha hilo rasmi kwa kuandika kwamba parseki ni AU 648,000 ÷ π, na ukiitazama vizuri hiyo 648,000 utaona ni nusu ya 1,296,000 yetu.

Kilichobaki ni kugawanya: 206,265 ÷ 63,241 = 3.2616. Parseki moja ni miakanuru 3.26. Basi. Kwa dakika 8 na sekunde 19, pamoja na sekunde zilizomo kwenye duara, umejenga jedwali lote. Akija mtu na kilomita, mpe AU ya kilomita milioni 149.6 ajitegemee. Kwa kumbukumbu, mwakanuru ni kilomita trilioni 9.46 na parseki ni kilomita trilioni 30.86, na hapa trilioni ni 10 kwa kipeo cha 12, kama ile ya bajeti ya serikali. Nalisema hilo kwa sababu baadhi ya vitabu vya zamani vya Uingereza ambavyo bado viko kwenye makabati ya shule vimeita namba hiyo hiyo bilioni. Na wakibadilisha kuwa mita, kipeo kinapanda kwa 3. Ukiona mwanafunzi ameandika mwakanuru ni mita 9.46 × 10 kwa kipeo cha 12, ujue alikariri namba akaacha kizio nyumbani.

Ili wapate hisia ya ukubwa, mimi hutumia reli ya SGR, na bahati imenipendelea. Chukua AU moja iwe mita moja. Liweke Jua kwenye stesheni ya Dar, lenye upana wa milimita 9 tu. Dunia iko mita moja pembeni yake. Neptuni iko mita 30, bado hujatoka kwenye jukwaa la abiria. Mwakanuru mmoja ni kilomita 63. Parseki moja ni kilomita 206, na njia kuu ya SGR kutoka Dar hadi Morogoro ina takriban kilomita 205. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha Jua, Proxima Centauri, iko kilomita 268 na nusu: umeshaipita Morogoro, unaelekea Kilosa. Sirius yako iko kilomita 544, na njia kuu hadi Makutupora, mbele ya Dodoma, ni kilomita 541. Sikupanga mimi. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977, husogea mita 3.6 kwa mwaka kwenye skeli hii, na hadi leo hakijafika mita 200. Kwa mwendo huo, parseki moja ingekichukua miaka kama 57,000.

Kwa nini wasichague kimoja? Kwa sababu kila kizio kinakaa pale panapofanyika kipimo. Anayefuatilia sayari na vimondo anapima kwa mizunguko na rada, na kila kitu chake kinajipanga kwa AU. Mshtarii ni 5.2, Zohali ni 9.5, namba unazoweza kuzibeba kichwani. Anayepima nyota anapima pembe, na parseki ni jibu linalokuja lenyewe: chukua 1, gawanya kwa paralaksi, kwisha. Sirius ina paralaksi ya sekunde 0.379. Moja gawanya kwa 0.379 ni 2.64. Hakuna kasi ya mwanga humo, hakuna urefu wa mwaka, hakuna kilomita. Mwakanuru, wataalamu hawauandiki sana kwenye makala zao. Ni kizio cha kuzungumza na watu, na kwa kazi hiyo hauna mpinzani, kwa sababu unakuambia kwamba mwanga wa Sirius unaouona leo kutoka ufukwe wa Kigamboni ulianza safari miaka minane na nusu iliyopita. Kilomita, kwa maoni yangu, zingeondolewa kabisa kwenye masomo ya nyota. Hazipimi chochote huko, zinatia hofu tu.

Hata historia ilikwenda kwa mpangilio huo. Mwaka 1838 Friedrich Bessel alitangaza paralaksi ya nyota iitwayo 61 Cygni, sekunde 0.31 hivi, na akaeleza umbali wake kwa AU: takriban 657,700. Neno parseki halikuwepo. Lilipendekezwa na Herbert Hall Turner mwaka 1913. Leo paralaksi ya nyota hiyo tunaijua kuwa 0.286, kwa hiyo iko parseki 3.5, miakanuru 11.4. Bessel alikosea kwa chini ya sehemu moja ya kumi, kwa chombo cha karne ya 19! Lakini mwenye kisa ninachokipenda zaidi ni Thomas Henderson. Yeye aliipima Alpha Centauri mwaka 1832 na 1833 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, huku kwetu kusini, kwa sababu nyota hiyo haionekani kutoka Ulaya. Alikuwa na jibu mkononi kabla ya Bessel. Akalitilia shaka, akalikalia, akalichapisha 1839, na sifa ya kwanza ikaenda kwa mwenzake. Wanafunzi wako wanaweza kuiona nyota hiyo hiyo upande wa kusini kuanzia Aprili hadi Julai, jioni, wakipata sehemu isiyo na taa nyingi.

Nimesema namba zilizopimwa zina mipaka yake. Kuna mfano mmoja ambao kila mwalimu anayezungumza Kiswahili angepaswa kuujua, kwa sababu unahusu Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wa pwani walikitazama kujua majira ya mvua. Kabla ya miaka ya 1990, mbinu za kulinganisha mng'ao wa nyota zilikuwa zikitoa parseki 130 na kidogo. Kisha satelaiti ya Hipparcos, iliyofanya kazi kati ya 1989 na 1993, ikapima paralaksi moja kwa moja na kutoa parseki takriban 120. Badilisha: 120 mara 3.26 ni miakanuru 391. Mbinu nyingine zikaendelea kusisitiza namba kubwa zaidi, na mwaka 2014 kipimo cha redio kilichounganisha darubini zilizo mbalimbali duniani kikatoa parseki 136, yaani miakanuru 443. Tofauti ni zaidi ya miakanuru 50. Hapo ndipo palikuwa na kesi ya kweli, na ilibishaniwa kwa karibu miaka ishirini, maana umbali wa Kilimia ulitumika kukadiria ung'avu wa nyota nyingine nyingi. Satelaiti ya Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, ilipotoa vipimo vyake, ikakaa upande wa 136.

Hesabu ya kubadilisha vizio haikuwa na kosa lolote kwa upande wowote. Shida ilikuwa kwenye pembe: 1 ÷ 120 ni sekunde 0.0083, na 1 ÷ 136 ni sekunde 0.0074. Ugomvi wote wa miakanuru 50 ulikuwa ndani ya takriban sekunde 0.001 ya pembe. Kwa hiyo ukikuta tovuti mbili zinapishana kuhusu Kilimia, kabla hujalaumu kikokotoo chako, tazama zimeandikwa lini. Ukikuta zinapishana kuhusu Sirius kwa desimali ya pili, ni kukadiria tu, au vyombo viwili tofauti.

Kwa sababu pembe za namna hiyo ni ndogo, orodha za leo huziandika kwa elfu za sekunde. Kilimia inasomeka 7.4, si 0.0074. Hapo fomula inakuwa 1,000 ÷ paralaksi. Asiyeliona hilo ataiweka Kilimia kwenye parseki 0.135, yaani karibu zaidi kuliko nyota yoyote, na wapo wanaofanya hivyo bila kushtuka.

Ukitoka kwenye nyota za jirani, parseki zinapanda kwa maelfu na mamilioni: kiloparseki na megaparseki, kwa viambishi vile vile vya kilo na mega mnavyotumia kwenye umeme. Kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, kiko kiloparseki 8.2, ambazo ni miakanuru 26,700 hivi. Wingu Kubwa la Magellan, ambalo ukiwa kijijini Desemba au Januari utaliona kwa macho kama doa hafifu kusini, liko kiloparseki 49.6, yaani miakanuru 162,000. Galaksi ya Andromeda ni miakanuru milioni 2.5. Zidisha au gawanya kwa 3.26, hakuna kipya. Ila kwa galaksi za mbali kabisa tahadhari moja: ulimwengu umekuwa ukipanuka wakati mwanga uko njiani, kwa hiyo "umbali" una maana zaidi ya moja. Ndiyo maana ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 na bado ukingo wa sehemu tunayoweza kuiona unatajwa kuwa miakanuru bilioni 46 kutoka hapa. Hapo usibadilishe chochote kabla hujajua mwandishi anazungumzia umbali upi.

Kwa kidato cha nne lakini huhitaji kufika huko. Wape zoezi moja: Proxima Centauri ina paralaksi ya sekunde 0.768, watafute umbali wake kwa vizio vyote. Majibu ni parseki 1.30, miakanuru 4.25, AU 268,600 na kilomita trilioni 40. Usisahihishe kwa kuweka mkasi tu. Kosa lenyewe litakuambia alipopotea. Aliyeleta miakanuru 8.5 ametumia upana wote wa mzunguko wa Dunia badala ya nusu yake. Aliyeleta miakanuru 2.5 alisahau kugeuza, akaichukua 0.768 kama ndiyo parseki. Aliyeleta 0.4 amegawanya kwa 3.26 badala ya kuzidisha, na huyo muulize tu kipi kirefu kati ya parseki na mwakanuru, atajirekebisha mwenyewe. Na aliyeleta 4.24 au 4.25, usimbughudhi kwa desimali ya pili.